Kompyuta ndogo ya kikundi: iingie yenyewe, au iombe neno la siri?



Juma hili tunajibu swali lililotufikia kutoka kwa vikundi viwili, kila kimoja katika mtaa wake, na maneno yao karibu yanafanana. Wana kompyuta ndogo, ile ambayo ubao wake wote haupiti sana karte ya uchaguzi kwa ukubwa, imefungwa nyuma ya televizyo katika chumba cha mikutano. Umeme ukikatika, inazimika. Umeme ukirudi, inawaka yenyewe, lakini inasimama mlangoni na kuomba jina na neno la siri. Watoto wamekwisha kukaa, mama wa zamu hajui neno lile, na anayelijua yuko sokoni. Wanauliza: je, mashini haiwezi kuingia yenyewe bila kuuliza kitu?

Inaweza, na kazi yenyewe haipiti dakika chache. Lakini tukiwaambia tu "bonyezeni hapa, kiisha pale", tutakuwa tumetoa nusu ya jibu, na nusu inayobaki ndiyo inayogusa feza na heshima ya watu. Kwa hiyo mtuvumilie tuanze mbali kidogo. Sisi ni walimu, hatujui kueleza jambo kwa kurukia mwisho.

Mashini tunayoisema hapa ni Raspberry Pi. Zipo nyingine za namna hiyo, lakini hii ndiyo wanayoiuliza wamama hawa, na maelezo yote yanayofuata ni yake. Ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 huko Uingereza. Walioifikiri walikuwa watu wa Cambridge, na anayetajwa zaidi kati yao ni Eben Upton. Shida yao ilikuwa shida ya walimu: vijana waliokuja chuoni kuomba kusoma sayansi ya kompyuta walikuwa wanapungua, na hata hao waliokuja walijua kutumia mashini bila kujua namna inavyofanya kazi. Basi wakatengeneza ubao wa dola 35, usio na kioo wala klavye, ili mtoto achomeke vya kwake, ajaribu, akosee, arudie. Sisi huku, ubao ukitufikia, umekwisha kulipiwa safari na ushuru, na bei ya Cambridge imebaki Cambridge. Hata hivyo unakula umeme kidogo sana, watti zisizofika 10, hivi kwamba betri na paneli ya jua ya kiasi vinaubeba bila taabu. Pasi ya umeme inataka mara 100 ya hapo na zaidi.

Ndani yake hakuna Windows. Kuna Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Ni ya bure, hakuna leseni ya kununua. Toleo la Linux lililotengenezwa kwa ajili ya ubao huu linaitwa Raspberry Pi OS. Wenye mashini za zamani watakuwa wanalijua kwa jina la Raspbian, kwani jina lilibadilishwa mwaka 2020.

Jambo moja juu ya Linux lazima likae kichwani kabla ya kuendelea. Tangu mwanzo imejengwa kwa kufikiri kwamba mashini moja inatumiwa na watu wengi. Fikirini parseli moja yenye nyumba kadhaa. Kila mpangaji ana jina lake, mlango wake na ufunguo wake. Halafu kuna mwenye parseli, anayeweza kufungua nyumba yoyote, kubomoa ukuta na kumfukuza mpangaji. Kompyuta inapoomba jina na neno la siri inauliza: wewe ni nani katika parseli hii, nikufungulie mlango gani? Kuingia kwenyewe, basi, ni kuiambia mashini: usiulize tena, kila unapowaka chukulia kwamba aliyefika ni fulani.

Swali lote limekaa katika neno hilo: fulani yupi?

Lakini kwanza mwulizeni aliyewafungia mashini. Tunasema hivi kwa sababu Raspberry Pi OS, ile yenye madirisha na picha, kwa kawaida huja ikiwa tayari inaingia yenyewe. Kama ya kwenu inasimama mlangoni, kuna sababu mbili zinazowezekana. Ya kwanza, aliyeifunga alichagua toleo jepesi lisilo na madirisha, linaloonyesha kioo cheusi na maandishi tu. Ya pili, alifunga mlango kwa makusudi. Na kama alifunga kwa makusudi, huenda aliona jambo ambalo ninyi bado hamjaliona: kwa mfano, kwamba hesabu za kikundi zimo humo humo.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Katika kikundi kimoja tunachokijua, kompyuta ya kusomea watoto ilikuwa pia ndiyo kompyuta ya mweka hazina. Alasiri watoto walisoma, siku ya posho wamama waliandika akiba na mikopo. Mlango ulikuwa mmoja, jina moja, na hakuna neno la siri. Kijana wa miaka 14 aliyekuwa anatafuta michezo akafungua faili la madeni. Hakuiba kitu, wala hakubadilisha hata namba moja. Alisoma tu, akacheka, akamwonyesha mwenzake. Kabla ya giza kuingia mtaa mzima ulijua ni mama gani amechelewa kulipa, amechelewa tangu lini, na ni franka ngapi. Mama yule alikuwa amekopa kwa ajili ya matibabu ya mtoto, jambo ambalo hakutaka wakwe zake wajue. Hakurudi mkutanoni kwa muda mrefu, na wawili wengine walidai akiba yao wakatoka. Feza haikupotea hata moja, ila kilichopotea ni kile ambacho kikundi kinaishi nacho.

Kwa upande mwingine tumeona pia ubaya wa mlango uliofungwa sana. Kijana mmoja, mtoto wa jirani, anawafungia wamama mashini, anaweka neno lake la siri, halijui mwingine. Mwezi wa kwanza ni sawa. Mwezi wa tatu amepata kazi mji mwingine, telefone yake haipatikani, na wamama 25 waliochanga feza zao wanakaa mbele ya kioo kinachowauliza ni nani. Mashini ni yao, lakini mwenye parseli ni mtu mwingine. Wamama wasiosoma sana wanaona aibu hata kugusa klavye, kwa sababu mara ya mwisho walipojaribu ilikataa, na wakafikiri kosa ni lao.

Juu ya kukataa huko tuseme neno moja, maana mara nyingi si kosa la mama. Klavye tunazozizoea huku zimefuata desturi ya Kifaransa, mstari wa juu unaanza A Z E R T Y. Mashini hii imetoka Uingereza, na isipoambiwa inafikiri klavye ni ya Kiingereza, ambayo A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na M iko mahali pengine kabisa. Mama anaandika "mawazo", mashini inasoma herufi nyingine, na kwa kuwa neno la siri halionyeshwi wakati wa kuandika, hawezi kuona kosa liko wapi. Njia rahisi ya kujua: andikeni neno hilo kwanza pale panapoombwa jina, ambapo herufi zinaonekana. Zikitoka tofauti na zile mnazobonyeza, mmepata ugonjwa. Kiisha futeni neno, msiliache pale machoni pa watu. Baadaye, mkisha kuingia, klavye inarekebishwa mara moja tu katika mipango ya mashini na haitasumbua tena.

Sasa shauri letu, na tunalitoa bila kusitasita: mashini ya kikundi iwe na watu wawili. Mmoja tumwite komite, ndiye mwenye parseli, ana neno la siri zuri na haingii mwenyewe hata siku moja. Wa pili tumwite watoto, ni mpangaji tu, hana mamlaka ya kubadilisha mashini, na huyo ndiye mashini itamfungulia yenyewe kila inapowaka. Umeme ukirudi, masomo yanaendelea bila kumngojea mtu. Hesabu zinabaki nyuma ya mlango wa pili.

Kwa nini tusimwache komite aingie yeye mwenyewe, iwe rahisi? Kwa sababu katika Raspberry Pi OS mtu wa kwanza kuundwa huwa amepewa mamlaka makubwa: anaweza kufanya kazi za mwenye parseli, na mara nyingi bila hata kuulizwa tena neno la siri. Mkimfungulia huyo mlango, mtoto yeyote aliyekaa kwenye kiti anaweza kufuta mashini nzima kwa mstari mmoja wa maandishi. Si lazima awe mbaya, inatosha awe mdadisi, na watoto wadadisi ndio tunaowataka.

Kazi yenyewe ni hii. Tunachukua kwamba mtu wa kwanza mmemwita komite. Kama jina ni lingine, wekeni lenu. Ingieni kwa jina hilo, fungueni lile dirisha jeusi la kuandikia amri ambalo picha yake iko juu ya kioo, na mwandike:

sudo adduser watoto

Neno "sudo" linaiambia mashini: fanya hili kwa mamlaka ya mwenye parseli. Itaomba neno la siri kwa ajili ya watoto, mara mbili. Lisiwe lile la komite. Halafu itauliza jina kamili, namba ya chumba, telefone. Bonyezeni tu kitufe cha Enter mpaka mwisho, kiisha mkubali. Pili, fungeni kabati la komite ili mpangaji asichungulie ndani:

sudo chmod 700 /home/komite

Matoleo mapya hufunga hivyo yenyewe, ya zamani yalikuwa yanaacha wazi kwa kusoma. Kuandika amri hii pale ambapo pamekwisha kufungwa hakuharibu kitu.

Tatu, tuiambie mashini iache kuuliza. Andikeni:

sudo raspi-config

Itatokea orodha ya Kiingereza. Kipanya hakifanyi kazi humo; mnatembea kwa mishale ya klavye, mnakubali kwa Enter, na kitufe cha Tab kinawapeleka kwenye maneno ya chini. Chagueni "System Options", na ndani yake tafuteni mstari wenye maneno "Auto Login". Katika matoleo mengi mstari huo umeunganishwa na neno "Boot" na unafungua machaguo manne: kioo cheusi chenye kuuliza, kioo cheusi kinachoingia chenyewe, madirisha yenye kuuliza, na madirisha yanayoingia yenyewe. Ninyi mnataka hilo la nne, "Desktop Autologin". Katika matoleo ya karibuni mambo hayo mawili yametenganishwa, lakini maneno ni yale yale. Kama mashini yenu ni ya kioo cheusi tu, chaguo la pili ndilo lenu. Humo humo katika orodha kubwa, chini ya "Localisation Options", ndipo mnaporekebisha klavye iwe ya Kifaransa. Fanyeni yote mara moja.

Wasiopenda dirisha jeusi wanaweza kupitia picha ya tunda iliyo pembeni juu, waende kwenye mapendeleo, halafu kwenye mipango ya Raspberry Pi, ambapo kuna kitufe cha kuwasha na kuzima jambo hili. Njia ni mbili, mahali ni pamoja.

Lakini msiwashe upya bado, maana hapo kuna mtego mdogo. Mashini itachukua kwamba anayetakiwa kuingia ni yule yule aliyetoa amri, yaani komite. Sisi tunataka watoto. Kwa hiyo, nne, mnafungua faili lenye jina hilo. Haya ni ya wenye madirisha:

sudo nano /etc/lightdm/lightdm.conf

Shukeni taratibu mpaka muone mstari usemao autologin-user=komite. Mstari kama huo unaweza kuonekana mahali pawili. Ule unaoanza na alama ya # ni maelezo tu, mashini haiusomi. Unaosomwa ni ule usio na alama hiyo, chini ya kichwa [Seat:*]. Futeni komite, andikeni watoto, bila nafasi kati:

autologin-user=watoto

Hifadhini kwa Ctrl na O pamoja, Enter, halafu tokeni kwa Ctrl na X. Kiisha andikeni sudo reboot, mkae mwangalie. Mashini itazimika, itawaka, na itaingia katika chumba cha watoto bila kuuliza. Ikiwa sauti au video inakataa kwa huyo mpangaji mpya, rudini kwa komite na mwandike sudo usermod -aG audio,video watoto, muwashe tena.

Siku ya posho mweka hazina akitaka hesabu zake, anatoka katika chumba cha watoto kupitia kitufe cha kuzimia, akichagua kutoka tu na si kuzima. Mlango unatokea, anachagua komite, anaandika neno lake. Ni hatua moja zaidi kwake, kwa ajili ya usalama wa wote. Akimaliza aizime mashini au atoke. Asiende kunywa maji akiacha chumba wazi.

Wengine hufikiri kwamba mashini ikiingia yenyewe, neno la siri limefutwa. Hapana. Liko pale pale, na anayejaribu kuingia kwa kupitia mtandao bado ataulizwa. Ndiyo maana hata neno la watoto lisiwe "1234". Na walionunua mashini iliyokwisha kutumika waangalie sana: mpaka mwanzoni mwa 2022 mashini hizi zote zilitoka zikiwa na jina "pi" na neno la siri "raspberry", linalojulikana dunia nzima. Tangu Aprili 2022 mtu analazimika kuchagua yake mwenyewe. Kama yenu bado ina yale ya zamani, andikeni passwd leo hii na mlibadilishe.

Na sasa jambo ambalo wauzaji hawapendi kulieleza. Neno la siri la mlangoni halifungi kadi. Kila kitu cha mashini hii kimeandikwa katika kadi ndogo kama ukucha, ile ile tunayoweka katika telefone. Mtu akiichomoa na kuiweka katika kompyuta nyingine yenye Linux, anasoma faili zote bila kuulizwa jina wala neno. Mlango unazuia macho ya mtoto na ya mgeni, lakini mwizi anaondoka na nyumba nzima. Kwa hiyo hesabu za akiba zipewe kufuli yake yenyewe. Katika LibreOffice, mnapohifadhi faili kwa jina jipya, kuna kisanduku kidogo cha kuhifadhi kwa neno la siri; mkikitia alama, faili linaandikwa kwa namna ambayo asiye na neno hawezi kulisoma hata akiwa na kadi mkononi. Lakini neno hilo likisahauliwa, hakuna fundi wa kuwaokoa. Kwa hiyo kaye ya mkono iendelee kuandikwa, kompyuta isije ikamfukuza karani wa karatasi. Na nakala ya faili iwekwe pia katika kle ya USB, ikae nyumba nyingine.

Neno la komite likae wapi? Hapa wamama wanajua kuliko mafundi. Vikundi vingi vya akiba vina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, hivi kwamba hakuna anayefungua peke yake. Neno la siri liandikwe katika karatasi, kwa herufi zinazosomeka, litiwe katika bahasha iliyofungwa na kusainiwa mgongoni, na bahasha iingie katika sanduku lile. Mweka hazina na katibu walijue kwa kichwa. Akiondoka mmoja, au akifariki, sanduku linafunguliwa mbele ya mkutano kama kawaida, na neno linabadilishwa siku hiyo hiyo. Kijana aliyewafungia mashini mshukuruni vizuri, mlipeni kazi yake, na mbele yake mbadilishe neno. Akiwa mwaminifu hatakasirika.

Kuna vikundi ambavyo havihitaji lolote kati ya haya. Kama mashini yenu haina kioo, na kazi yake ni kutuma vitabu kwa telefone za watoto kwa njia ya Wi-Fi, kwa mfano kwa Kolibri ya masomo au Kiwix, inayosomesha Wikipedia bila intaneti, basi haina haja ya mtu kuingia. Programu za namna hiyo zikifungwa vizuri zinaamka pamoja na mashini, kabla mtu yeyote hajagusa mlango. Aliyewaambia kwamba lazima mashini iingie yenyewe ndipo telefone zipate vitabu, aangalie kwanza kama programu zenyewe zimefungwa sawasawa. Hapo acheni mlango ufungwe, tena fungeni na kisanduku kwa misumari.

Kuhusu kuzima. Kwa kuwa sasa mashini inawaka na kuingia yenyewe, watoto watazoea kuichomoa tu kwenye prizi, kwa sababu wameona inarudi. Wakatazeni. Kuchomoa wakati kadi inaandikwa kunaweza kuiharibu, na siku hiyo haitarudi. Izimwe kwa kitufe chake kwenye kioo, ingojewe mpaka taa ndogo ya kijani iache kumeta, ndipo ichomolewe. Umeme wenyewe hauagi unapokwenda, hilo tunalijua wote, kwa hiyo betri ndogo katikati ya prizi na mashini si anasa, na kadi ya pili iliyonakiliwa yote ikae katika bahasha pamoja na lile neno. Sharjeri ya telefone ya hivi hivi haitoshi. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Ikipewa chini ya hapo inaonyesha alama ya radi kwenye kioo na inaweza kujizima katikati ya somo.

Mkibadilisha mawazo, njia ni ile ile kwa kurudi nyuma: sudo raspi-config, "System Options", na mchague "Desktop" isiyo na neno "Autologin". Mlango unarudi.

La mwisho ni la mweka hazina. Ubao huu hauna saa inayotembea wakati umezimwa. Hata Raspberry Pi 5 ya 2023, iliyo na mahali pa saa, inataka ichomekwe betri yake ndogo kwanza. Pasipo intaneti ya kuiambia saa, mashini ikiwaka baada ya siku tatu za giza inaweza kufikiri kwamba bado ni siku ile umeme ulipokatika. Zamani mtu aliyesimama mlangoni kuandika neno la siri alipata nafasi ya kutupia macho saa pembeni ya kioo. Sasa inapita moja kwa moja. Kwa hiyo tarehe ya kila mkopo na kila malipo iandikwe kwa mkono ndani ya faili, isiachiwe mashini, na siku ya posho mtu wa kwanza kufika aangalie saa kabla ya kuandika namba yoyote.